Msiulaumu upepo wa bahari kwa daftari zinazojikunja

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu mwalimu wa Malindi aliyeandika kulalamikia daftari za shule. Aliyoyaeleza ni kweli tupu: kurasa zafanya mawimbi karibu na mgongo, jalada lajiinua hata ukiliwekea jiwe usiku kucha, na mtoto huandika huku mkono wa kushoto umelala juu ya daftari, akiuondoa tu inajifunga. Huku kwetu Lamu hali ni hiyo hiyo. Tunapoachana ni kwenye hukumu yake. Yeye asema mkosaji ni unyevu wa bahari, na dawa ni bodi za shule zinunue daftari za karatasi nzito zaidi.

Unyevu, mwalimu wangu, haujaanza leo. Ulikuwapo kabla ya hizo shule, na karatasi imekaa nao hapa karne na karne. Mkosaji ni aliyeikata karatasi bila kutazama nyuzi zake zimelala upande gani, na karatasi nzito ikikatwa vile vile itakusumbua zaidi, maana ikiamua kupinda inapinda kwa nguvu. Pesa za wazazi zitakwenda na mawimbi yatabaki.

Sisemi haya kwa kubahatisha. Ujana wangu niliumaliza kando ya mashine ya karatasi kule Webuye, penye Mto Nzoia, kabla kiwanda kile hakijafungwa mwaka 2009. Kijana wa Mkomani kwenda bara kutengeneza karatasi lilikuwa jambo la kuchekesha enzi hizo; marehemu mama aliwaambia majirani nimepata kazi ya ukarani. Kumbe nilikuwa nashinda na buti za mpira, nguo zimenigandama mwilini, nikitazama maji. Nilikuwa mtu wa waya, yaani ule mkanda wa wavu unaochuja maji ya karatasi changa. Kwenye mashine ya karatasi kuna watu wa waya, watu wa preshi wanaoibana karatasi, na watu wa draya wanaoikausha, na wenzangu watanisamehe nikisema kwamba hao wawili wa mwisho hupokea karatasi iliyokwisha kuamuliwa. Tabia ya karatasi huwekwa kwenye waya, katika sekunde chache, maji yanapotoka. Ikishapita pale waweza kuibana, kuikausha na kuilainisha, lakini kuzipanga upya nyuzi zake huwezi.

Wengi hudhani karatasi ni mti uliopondwa, ukabandikwa kwa gundi, kisha ukakaushwa. Kinachoishikilia karatasi si gundi. Nyuzi za mti zikiwa zimelowa, zikasogezwa karibu karibu na maji yakaondoka kati yake, hushikana zenyewe kwa zenyewe. Zitie maji tena na uzikoroge, zitaachana. Ndiyo maana karatasi kuukuu hurudishwa kiwandani ikawa rojo. Wanga na utomvu wa msonobari hutiwa, sikatai, lakini utomvu ni wa kuzuia wino usisambae, na wanga ni wa kuongeza nguvu kidogo.

Ninapowasimulia watu barazani, kinachowashangaza ni wingi wa maji. Rojo linalotoka kwenye hedboksi, lile sanduku linalolimwaga juu ya waya, katika kila lita 100 lina nyuzi kama nusu kilo tu. Kwa hiyo kilo 1 ya karatasi hupanda juu ya waya ikiwa na maji karibu lita 200. Ikifika mwisho wa waya, safari ya mita chache, imebakiwa na lita 4 hivi. Preshi huibana kati ya rola na felti ikabaki na lita 1 na nusu au pungufu. Hiyo iliyobaki ndiyo hukaushwa na mapipa makubwa ya chuma yaliyojaa mvuke, na ndiyo ghali kuliko yote, kwa kuwa kila tone lake hulipiwa moto. Hesabu mwenyewe: maji karibu yote, lita 98 hivi katika kila 100, hutoka pale pale kwenye waya. Hayamwagwi. Yana chembe za nyuzi na unga mweupe wa chokaa au udongo uliotiwa kujaza karatasi, tukiyaita maji meupe, na hurudi kuzimua rojo jipya.

Kwa nini basi mtu atie maji mengi hivyo kisha ahangaike kuyatoa? Kwa sababu nyuzi hupenda kukumbatiana. Uzi wa msonobari una urefu wa milimita 3 hivi, wa mkaratusi kama milimita 1, na rojo likiwa zito kidogo tu zinakutana na kufanya vibonge kabla hujafumba jicho. Ukiinua karatasi ya namna hiyo juani utaona mabaka, pengine pazito pengine pepesi. Katika maji mengi kila uzi una nafasi yake. Na kadiri nyuzi zinavyokuwa ndefu ndivyo zinavyotaka maji zaidi. Vijana wa Malindi wanaoniuliza kuhusu karatasi ya katani, jambo la kwanza ninalowaambia ni waongeze maji, wakishaongeza, waongeze tena.

Waya wenyewe ni mkanda wa wavu usio na mwanzo wala mwisho, unaozunguka mfululizo. Zamani ulifumwa kwa nyuzi za bronzi, siku hizi ni poliesta, ila jina limebaki. Rojo hurushwa juu yake kutoka kwenye mdomo mwembamba wa hedboksi, mdomo wenye upana wa mashine nzima. Chini ya waya, kwenye mashine za zamani, mlikuwa na rola za meza. Watu huona rola zile wakadhani kazi yake ni kuubeba waya tu. Huubeba, lakini pale waya unapoachana na mgongo wa rola hufunguka mwanya mdogo unaozidi kupanuka, na mwanya ule huvuta maji yashuke. Mashine ikienda kasi mvuto huo huwa mkali mno, na maji yaliyong'ang'ania rola huzunguka nayo yakaja kuupiga waya kutoka chini na kuirusha karatasi changa. Kwa hiyo zikaja foili: vipande virefu bapa vilivyowekwa chini ya waya, uso wake umeinama kidogo tu kuelekea mbele, digrii chache. Foili huvuta kwa upole. Baada yake kuna visanduku vya kufyonza kwa pampu, na mwisho kabisa kochi, rola lenye matundu linalofyonza kwa nguvu, ambapo karatasi huachana na waya kwa mara ya kwanza.

Mgeni hudhani ufundi ni kuyatoa maji haraka iwezekanavyo. Wapishi wa hapa wanajua sivyo: ukiikandamiza nazi yote kwenye chujio kwa pupa, machicha hujibana chini yakaziba matundu na tui likasimama juu. Nyuzi za kwanza kulala ndizo huwa chujio la zile zinazofuata. Ukifyonza kwa fujo mapema, tabaka la chini linajifunga na maji yanakwama juu yake, na chembe ndogo zilizokuwa karibu na waya zimekwisha kutoroka na maji. Ndiyo sababu karatasi iliyotengenezwa kwa waya mmoja ina nyuso mbili zisizofanana. Uso uliolalia waya umepoteza chembe na unga, ni mkavu wa kugusa, na ukiutazama kwa mwanga wa pembeni pengine utaona alama za wavu. Uso wa juu ni laini zaidi. Mashine nyingi za sasa hutumia waya mbili zinazoibana karatasi katikati, maji yakatoka juu na chini, na tofauti hiyo imepungua sana. Jambo la daftari, hata hivyo, waya mbili haziliondoi.

Kuna kitu kimoja pale kwenye waya ambacho mpaka leo nikifumba macho nakiona. Rojo likishatua, uso wake unang'aa, taa za darini zinaonekana ndani yake, na juu ya kila foili maji yanaruka ruka kidogo kidogo mchana kutwa bila kuchoka. Halafu ghafla mng'ao unakatika. Si kwa kufifia polepole, bali kwa mstari, kutoka ukingo mmoja wa waya hadi wa pili. Nyuma yake ni maji yanayometa, mbele yake ni uso uliofifia ambao sasa una nyuzi. Tuliuita mstari wa ukavu, ingawa pale karatasi bado ni maji kwa sehemu kubwa, na ukiitia kidole kidole kinazama. Mzee Mbukusu aliyenifunza kazi hakunionyesha dira yoyote kwanza. Alinisimamisha kando ya meza, jicho sawasawa na waya, nikautazama mstari ule mpaka shingo ikauma. Ukiwa umenyooka, kazi inakwenda. Ukitoa ulimi mahali fulani, rojo limezidi pale, mdomo wa hedboksi umefunguka kupita kiasi au waya umezibwa na utomvu. Ukisogea wote kuelekea kochi, maji yanakawia kutoka: ama nyuzi zimesagwa kupita kiasi, ama maji ni baridi. Tukiwasha mashine alfajiri baada ya kusimama, Webuye kukiwa na baridi yake ile, mstari ulikuwa ukikimbilia mbele mpaka maji yapate moto. Maji baridi ni mazito kupita kwenye wavu kuliko maji ya moto. Mwenye shaka aulize wanaochuja mafuta.

Nimeuzungumzia mstari huo kwa sababu zile mita chache kati ya hedboksi na mstari ndiyo nafasi pekee ambayo uzi unaweza kugeuka. Chukua mashine inayokwenda mita 600 kwa dakika, na si ya kasi sana hiyo, yenye meza ya mita 20. Karatasi inakaa juu ya waya sekunde 2. Katika muda huo nyuzi zimekwisha kurushwa kutoka mdomo mwembamba kwa kasi na kutua juu ya mkanda unaokimbia. Zitalala vipi? Nyingi zitaelekea mashine inakoelekea. Na sisi wenyewe tulikuwa tukizidisha jambo hilo au kulipunguza: rojo likirushwa kwa kasi pungufu ya kasi ya waya, waya hulivuta na kuzinyoosha nyuzi, kasi zikikaribiana, nyuzi hulala ovyo zaidi, ingawa si ovyo kabisa. Kule mbele draya nayo inaongeza yake, kwa sababu karatasi inakauka ikiwa imevutwa kwa urefu, huku kwa upana imeachiwa inywee kidogo.

Basi kila karatasi ya mashine ina uelekeo. Nao uzi wa mti una tabia moja: ukinywa maji haurefuki kwa kiasi cha kuonekana, unanenepa. Karatasi ambayo nyuzi zake nyingi zimelala upande mmoja, unyevu ukiingia, itatanuka kwa upana wa nyuzi na kwa urefu wake karibu isitanuke.

Sasa ishike daftari ya mwanafunzi. Mgongo wake una mkunjo na pini mbili. Nyuzi zikienda sambamba na mgongo, kutanuka kunaelekea ukingo wa nje ulio huru. Ukurasa unaongezeka upana kidogo na hakuna anayejua. Nyuzi zikiukatiza mgongo, kutanuka kunafuata urefu wa mgongo, na mgongo umebanwa. Karatasi itakwenda wapi? Itapanda na kushuka, na hayo ndiyo mawimbi ya mwalimu. Juu ya hilo, mkunjo umezivunja nyuzi badala ya kupita kati yake, na kila ukurasa unasukuma kurudi ulikotoka, ndipo daftari inajifunga yenyewe mtoto akiinua mkono. Ongeza uzito wa karatasi kutoka gramu 60 hadi 80 kwa mita mraba, na msukumo huo utaongezeka.

Unyevu una sehemu yake, bila shaka. Daftari nyingi zinazofika Lamu zimekatwa na kufungwa bara, hewa ikiwa kavu, zikashushwa Mokowe na kuvushwa kwa mashua. Bunda likifunguliwa masika linaanza kunywa hewa kuanzia kingo, na hata karatasi iliyokatwa sawa itajitikisa siku mbili tatu kabla haijatulia. Lakini iliyokatwa sawa hutulia.

Nimesema karatasi imekaa na unyevu hapa siku nyingi. Mwenye nafasi na atazame maandishi ya zamani yaliyohifadhiwa katika majumba ya makumbusho na katika nyumba za watu, misahafu ya Siyu ikiwamo. Karatasi za kazi hizo zililetwa na vyombo kutoka ng'ambo, nyingi za Ulaya. Waitalia walikuwa na karatasi yao maalumu kwa soko la nchi za Kiislamu, yenye alama ya miezi mitatu ndani yake ukiinua kwenye mwanga. Mdudu amekula, maji ya mvua yamepita, hilo halina ubishi. Lakini kurasa nilizobahatika kuzifunua zimelala. Zilitengenezwa kwa mkono. Fundi alizamisha fremu yenye wavu ndani ya pipa la rojo, akainyanyua, akaitikisa mbele na nyuma, kulia na kushoto, maji yakashuka moja kwa moja chini. Hakuna kilichokuwa kikikimbia kuelekea popote, kwa hiyo nyuzi zililala kila upande, na karatasi ikinywa unyevu inatanuka karibu sawa kwa urefu na kwa upana.

Aliyelibadilisha hilo ni Mfaransa, Louis-Nicolas Robert, karani katika kiwanda cha karatasi cha akina Didot huko Essonnes. Mwaka 1799 alipata hataza ya mashine ya kuzungushwa kwa mkono iliyomwaga rojo juu ya mkanda wa wavu. Kwao haikustawi. Ilivushwa hadi Uingereza, fundi Bryan Donkin akaisimamisha ikafanya kazi huko Frogmore mwaka 1803, kwa fedha za ndugu wawili, Henry na Sealy Fourdrinier. Ndugu hao walifilisika. Mashine ndiyo ikabaki na jina lao mpaka leo. Robert naye, mwalimu atapenda kulijua hili, alimalizia siku zake akifundisha watoto kwenye shule ndogo, akafa mwaka 1828 bila utajiri wowote. Mashine zile za mwanzo ziliuiga mkono wa fundi: waya ulitikiswa kulia na kushoto huku ukienda mbele, ili nyuzi zichanganyike. Mtikiso huo ulisaidia mashine ilipokuwa ikienda polepole. Kasi ilipopanda, uzi haukupata tena wasaa wa kutikiswa.

Kwa hiyo siulaumu hata waya. Karatasi yenye uelekeo si karatasi mbovu. Ni karatasi ya mashine, na mpiga chapa anayeijua kazi yake huilaza inavyotakiwa. Ninaowalaumu ni wasioijali.

Madrasa yetu ilichapisha vijitabu vya watoto, kwa michango ya wazazi, katika duka moja la uchapaji ambalo sitalitaja. Vilikuja vizuri, jalada la kijani linang'aa, bei ya kiungwana. Haikupita wiki. Mjukuu wangu alikuja nacho mkononi, "Babu, mbona chajikunja?" Nilikitazama mgongo nikajua. Walitumia karatasi ya kawaida ya fotokopi ya A4, wakaikunja katikati. Sasa karatasi ya fotokopi kwa kawaida nyuzi zake huenda na ule upande mrefu wa milimita 297, ili ipite vizuri ndani ya mashine. Ukiikunja katikati kupata A5, mkunjo unaukatiza upande huo, na mgongo wa kijitabu, wenye milimita 210, umekaa kinyume na nyuzi. Hakuna mkosi hapo. Kila kijitabu kitakachotengenezwa hivyo kitatoka hivyo, kiwe Lamu au Nakuru, ila Nakuru kitachelewa kuonyesha.

Nilipokwenda kwa mwenye duka alinipokea kwa adabu, akaniagizia hata kahawa. Akasema wateja wanauliza mambo mawili, bei na rangi ya jalada, na tangu afungue hajaulizwa na mtu nyuzi zimelala upande gani. Nilimwamini. Ndiyo sababu naandika gazetini badala ya kwenda kugombana naye tena.

Mwalimu, na yeyote aliye kwenye kamati ya ununuzi ya shule, kipimo hakina gharama. Chukua gazeti hili ukishalisoma, chana ukurasa mmoja kutoka juu kwenda chini, na mwingine kutoka kushoto kwenda kulia. Mmoja utafuata mkono wako, mwingine utapinda na kwenda unakotaka wenyewe. Ule uliokutii umechanika kufuata nyuzi. Kwa daftari kuna kipimo kizuri zaidi. Kata mraba mdogo wa ukurasa, upana wa vidole vinne, uchore kwa penseli mstari unaofuata mgongo, kisha uweke juu ya maji kwenye beseni, uelee, usizame. Uso wa chini utakunywa maji na kutanuka kabla ya wa juu, na mraba utajiviringa papo hapo. Tazama kijibomba kilichotokea kimelala wapi: nyuzi zinaelekea urefu wa kijibomba hicho. Kikilala sambamba na mstari wa penseli, daftari hiyo nunua. Kikiukatiza, irudishe. Usipokuwa na maji karibu, kata vipande viwili virefu vya upana sawa, kimoja cha kufuata mgongo na kimoja cha kuukatiza, vishike pamoja kwa ncha vining'inie mbele. Kinachosimama imara ndicho chenye nyuzi kwa urefu wake.

Wapiga chapa nao hawana kisingizio cha gharama kubwa. Karatasi ni ile ile, uzito ule ule, kutoka kiwanda kile kile. Kinachobadilika ni namna shiti kubwa linavyolazwa kwenye mashine ya kukatia. Sikatai kwamba wakati mwingine ukiligeuza shiti kuna ukanda unaobaki pembeni bila kazi, na ukanda huo mtu ameulipia. Hiyo aiandike kwenye bei tuione. Wauzaji wa jumla hujua uelekeo wa kila mzigo, na mara nyingi huuonyesha kwenye kifurushi kwa kukipigia mstari kipimo cha upande unaofuata nyuzi au kwa kukiandika mwisho. Anayenunua rimu za fotokopi dukani kwa ajili ya kukunja vitabu ndiye anayejitafutia.

Ninachoziomba bodi za shule za Lamu na Kilifi ni mstari mmoja tu katika tangazo la tenda: nyuzi za karatasi ziende sambamba na mgongo wa daftari, na sampuli ijaribiwe kwenye maji mbele ya kamati kabla hela hazijatoka. Uzito wa karatasi uachwe ulivyo. Na kama kuna mpiga chapa, wa Malindi, wa Mombasa au wa kwingineko, anayeona jambo hili haliwezekani kwa bei ya sasa, naomba ajibu kupitia safu hii hii, na ataje ukubwa wa shiti analokatia, tufanye hesabu pamoja.

Wako,
Mtu wa waya mstaafu,
Mkomani, Lamu